Nyumba ya Watu Wawili

Richardson, Agosti 2019

Mwanangu Nasra,

Begi la bluu limeshafungwa na sitasema neno juu ya kilichomo. Mambo ya shule, sala, simu, ule nini na ulale saa ngapi, Mama Mkubwa atakuambia, na atakuambia kwa sauti inayofika ghorofa ya pili, kwa hiyo mimi naacha. Umekwenda msikitini kuwaaga wenzako wa madrasa na utarudi baada ya magharibi. Nina muda huo tu. Ukishaingia humu ndani sitaweza kuandika, nitakuwa nakutazama.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sasa unakisoma, na hapo hapo nimeshaanza kuona wivu, maana si mimi niliyekufundisha. Miaka yote humu ndani nimezungumza nawe Kiswahili ukanijibu Kiingereza, nami nikajisemea ndivyo watoto wa huku walivyo. Kiswahili chako kilirudi Sharpstown, kule Houston, katika nyumba ya dada yangu, kwenye foleni ya choo, mtoto mmoja akigonga mlango na mwingine akimtukana.

Basi nilitaje mapema nisije nikalizunguka kurasa nzima. Ninaona wivu. Akina mama wa msikitini wanaupa wivu huo majina mazuri zaidi. "Mama Nasra, ni kawaida, mtoto akiondoka moyo unauma." Lakini wewe huendi chuo wala huolewi. Una miaka kumi na mitatu. Unatoka kwangu kwenda kwa mwanamke mwingine, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, kwa sababu umemchagua, nami nimekubali. Na tangu nilipokubali sijui kama nitabaki kuwa mama yako, au nitakuwa yule mama mdogo wa huku Dallas anayekuja sikukuu na zawadi.

Sehemu ya hadithi hii unaijua, lakini unaijua kama anavyoisimulia yeye, na yeye huisimulia akicheka. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu kumaliza kidato cha sita. Baba yako unamfahamu, hana baya, na hana mengi. Nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam ilipotoka ulikuwa na miezi mitano. Dada Zuhura alikuwa anamnyonyesha mwanawe Yasini. Hakukuwa na kikao. Bibi yako alikutoa mikononi mwangu, akakuweka mapajani kwa dada, akasema, "Haya, wewe nenda kasome, maziwa yapo." Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi begani. Ulinyonya bila hata kugeuza shingo kutafuta mwingine.

Baadaye Bibi alikwenda kumwuliza shehe, kwa ajili ya sheria. Shehe akauliza umenyonya mara ngapi. Bibi akacheka sana, akasema hesabu hiyo ilishapotea. Kwa hiyo kwa dini yetu Yasini si binamu yako tu, ni kaka yako. Mume wa dada ni baba yako. Humo ndani mwao, wewe ambaye umeanza kujitanda, unaweza kuvua mtandio ukakaa kichwa wazi mbele ya wote, kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumba. Mimi nilisomea idadi ya watu. Nilifundishwa namna ya kuhesabu nani ni wa kaya ipi: ni wa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Hakuna aliyenifundisha pa kumwandika mtoto aliyenyonya nyumba nyingine.

Nilikuwa nikija likizo unanililia. Nakushika, unanyoosha mikono kwa dada. Yeye anasema, "Mzoee mama, mwanangu, mzoee," na lile "mwanangu" lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipopata viza ya bahati nasibu ya Marekani akahamia Houston na mumewe na watoto, wewe ukabaki kwa Bibi, nilifurahi kuliko inavyofaa mtu kufurahia safari ya dada yake.

Halafu nikapata ufadhili wa kusoma Texas. Kulikuwa na vyuo viwili vilivyonikubali, kimoja Houston, kingine huku. Dada alinipigia simu kabla sijajibu.

"Njoo Houston, mdogo wangu. Tutabanana."

"Huku kwingine ufadhili ni mzuri zaidi, dada."

"Mzuri kwa kiasi gani? Chakula si utakula kwangu?"

Nilimwambia nitafikiria, lakini nilikuwa nimeshaangalia ramani. Saa nne kwa gari. Karibu ya kutosha kwa Idi, mbali ya kutosha kwa Jumatatu. Nikakuchukua ukiwa na miaka saba, tukaja huku, nikadhani sasa nimekupata.

Nataka uelewe nilikuwa najenga nini humu, kwa sababu wewe umeishi ndani yake tu, hukuona msingi ukichimbwa. Kule Kondoa nilikulia katika nyumba ambamo sikuwahi kuwa peke yangu hata dakika ya kuvaa. Watoto wa baba, watoto wa baba mdogo, wageni wa mnada, shangazi mgonjwa. Nilikuwa nasomea kwenye banda la kuku kwa sababu kuku hawaulizi swali. Kitu nilichokitaka duniani kilikuwa mlango ambao nikiufunga hakuna mtu anayesema, "Rehema, mbona umejifungia, unaumwa?"

Kisha nikapata kazi hii ya majedwali. Umeyaona kwenye kompyuta yangu. Nchi ziko upande wa kushoto, vipimo viko juu: watoto kwa kila mwanamke, watu kwa kila chumba, maji ndani ya nyumba, choo ambacho familia haichangii na jirani. Nchi zilizoendelea hukaa juu ya ukurasa, zetu hukaa chini. Nimekaa na majedwali hayo muda mrefu mpaka yakanifuata nyumbani. Vyumba viwili vya kulala, watu wawili. Mtoto mmoja. Maji ya moto wakati wowote. Choo kisichogongwa. Kwa kila kipimo tulikuwa juu ya ukurasa. Kila tulipokwenda Sharpstown nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: watu sita, vyumba viwili, kapeti lenye harufu, mende nyuma ya jiko, muziki wa jirani ukutani. Nikirudi kwenye barabara kuu nilikuwa nimeshashinda. Nilikuwa nashinda peke yangu. Dada hakujua kwamba kuna mashindano.

Unakumbuka Agosti ile ya mafuriko ya Houston, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Maji yaliingia kwa dada, wakati ule akiwa bado ghorofa ya chini. Barabara zilipofunguka walikuja kwetu wote sita, na juu yao jirani wao Mama Furaha, yule Mkongo wa Uvira, na Furaha wake mgongoni, kwa sababu dada hajui kumwacha mtu nyuma. Nyumba ya watu wawili ikawa na watu kumi. Mama Furaha aliingia, akatazama sebule, akatazama korido, akasimama katikati akiwa bado na ndala mkononi.

"Mama Nasra, nyumba iko muzuri. Lakini iko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Watu wako wapi?"

"Ndio sisi," nikasema.

"Weye na nani?"

"Mimi na Nasra."

"Na chumba ile ingine iko ya nani?"

"Ya Nasra. Ana chumba chake."

Akamgeukia dada. "Zuhura, mutoto alikosea nini, mpaka bamufungie peke yake?"

Watu wote walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Nami nilicheka. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai nikiwa bado nacheka, nikakaa huko mpaka kicheko chenu kikaisha.

Siku zile kulikuwa na rundo la viatu nje ya mlango wetu, na yule bwana wa ofisi ya majengo akaja kugonga, kwa sababu mkataba una majina mawili tu na huku sheria inajua chumba kimoja ni cha watu wangapi. Kabla sijafika mlangoni Mama Furaha alikuwa ameshafungua.

"Siye tuko wageni ya maji," alimwambia kwa Kiswahili, akiweka kiganja kiunoni kuonyesha maji yalipofika.

Bwana yule alitazama kiganja, akatazama viatu, akasema tukae hadi mwisho wa mwezi ila viatu viingie ndani. Dada alimpelekea sambusa. Mimi nimeishi hapa miaka na sijui hata jina lake.

Nilichokiona zaidi ni wewe. Watoto wote mlilala chini chumbani kwako, mmejipanga ukuta hadi ukuta, na kile kitanda nilichokinunua kwa kuchaguachagua duka zima kikawa mahali pa kuweka mabegi. Asubuhi ulikuwa unakaa kati ya magoti ya dada akikusuka.

"Nani kakufanya hivi nywele?"

"Mama."

"Mama yako tangu zamani mkono wake ni wa kupukuchua mahindi. Tulia. Shingo huku."

Ulitulia. Kwangu huwa unasema "Ow, Mama" kabla sijagusa kitana. Nilisimama na kikombe changu nikaona kichwa chako kimelala pajani kwa dada kwa uzito wake wote, kama mzigo uliofika, na nilimchukia dada yangu kwa muda uliotosha chai kupoa. Nakuambia hili kwa sababu ipo siku utamchukia mtu unayempenda, na utadhani umeharibika. Hukuharibika. Endelea tu kumpa chai.

Walipoondoka nilipiga deki mara mbili. Nilifungua madirisha, nikakaa kwenye kochi nikasikiliza friji, na nilisikia raha ambayo sitaikana hata kwa ajili yako. Ulipofika wakati wa kulala ukagonga mlango wangu. Ukauliza kama unaweza kulala kwangu.

Nikasema, "Rudi, mwanangu. Una chumba chako."

Nilisema kwa upole. Nilikuwa nakupa kitu ambacho mimi nilikililia, kwa hiyo sikusikia kwamba wewe ulikuwa unaomba kingine. Kesho yake ukagonga tena, nikakujibu vilevile. Uligonga kwa siku kadhaa, halafu ukaacha. Ulipoacha nilimwambia mwenzangu kazini kwamba mwanangu sasa anajitegemea. Niliona ni maendeleo. Kama kuna kosa moja katika malezi yangu ninalolijua kwa uso wake, ni hilo. Halikuwa kosa la hasira wala la uvivu. Nilichukua njaa yangu ya utotoni nikadhani ni yako, nikakulisha nayo mpaka ukanyamaza.

Mwaka huu mwalimu wenu wa jiografia akawapa ile kazi: chagua nchi moja iliyoendelea na moja inayoendelea, uzilinganishe kwa idadi ya watu na hali ya maisha. Ulichagua Marekani na Tanzania. Nilifurahi mno, nikaivamia. Nikakuchorea piramidi za umri, ile yetu yenye kitako kipana cha watoto, hii ya huku iliyonyooka kama mnara. Nikakueleza kwa nini familia hupungua watu wanaposoma, kwa nini mwanamke mwenye kazi kama yangu huzaa mmoja. Ulikuwa unanisikiliza kwa adabu. Halafu ukachukua simu ukampigia dada, ukaweka sauti kubwa, kwa sababu mwalimu alitaka mtu wa kuhojiwa. Mimi nilikuwa hatua mbili, na shahada mbili za jambo lenyewe. Ukampigia yeye.

"Mama Mkubwa, mlikuwa mnalala wangapi kitanda kimoja?"

"Wanne! Mimi, mama yako na wale mabinti wa baba mdogo. Kitanda cha kamba."

"Mlitosha?"

"Tunajipanga kama dagaa. Ila mama yako, yule tangu hapo ni mzungu. Anachukua mkaa jikoni anachora mstari kwenye shuka. 'Huku kwangu, huku kwenu.' Bibi anamchapa kwa kuchafua shuka, kesho anachora tena."

"Acha utani!"

"Haki ya Mungu. Na Kondoa Juni, baridi lile! Sasa taa ikizimwa, nani anavuka mstari? Yeye! Anakuja na miguu yake ya barafu anaichomeka hapa, tumboni kwangu. Asubuhi anarudi kwake, anajifanya malkia."

Mlicheka mpaka simu ikawa inakwaruza. Nilifungua bomba nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Ukaja jikoni.

"Mama, ni kweli?"

"Shuka lilikuwa chakavu, si kitu."

"Si mstari. Kwamba ulikuwa unavuka."

Nikakuambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri, Nasra. Nakumbuka hata kitenge alichokuwa anajifunga.

Siku ulipowasilisha kazi darasani nilikuja kukuchukua, ukanisimulia kwenye gari. Ulisema mwishoni mwalimu alimwuliza kila mtu, baada ya kulinganisha, angependa kuishi wapi. Wewe ukasema Houston. Mwalimu akasema Houston si nchi. Ukasema unajua. Ukasubiri niseme kitu, nami nikawasha redio. Tulipofika kwenye taa nyekundu karibu na kituo cha treni ukasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote, "Mama, nataka kwenda kukaa kwa Mama Mkubwa. Si likizo. Kukaa."

Nilikataa kabla taa haijabadilika. Halafu, kwa wiki kadhaa, nilikuhonga. Unajua hivyo, ulikuwa unanitazama kwa huruma. Paka. Rangi yoyote ya ukuta. Simu. Rafiki zako walale hapa kila Ijumaa. Nilikuwa natafuta kipimo ambacho sijakipandisha bado. Kila kitu nilichokuongezea kilikuwa ni kitu, na humu ndani tukabaki wawili, wewe chumbani kwako na mimi chumbani kwangu, kila mtu na maji yake ya moto.

Idi tukaenda Sharpstown. Wewe ulidhani nilimfuata dada jikoni kumsaidia pilau. Nilimfuata kugombana.

"Dada, unanichukulia mtoto."

Hakugeuka. "Nikuchukulie wa nini? Nina wanne, nyumba haina pa kuweka mguu. Nipe kile kijiko."

"Anataka kukaa kwako."

"Ameniambia."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema aombe kwa mama yake." Hapo ndipo akageuka, mwiko mkononi, jasho limemtiririka. "Rehema, hamia na wewe. Kazi yako si ya kompyuta? Utaifanyia hapa."

"Nitalala wapi?"

"Utachora mstari."

Sikucheka. Akaona sikucheka, akafunika sufuria, akashusha sauti, jambo ambalo sijamwona akilifanya mara nyingi.

"Unataka nikwambie? Nikitoka zamu kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, sipandi moja kwa moja nyumbani. Nakaa kwenye gari hapo chini. Nazima kila kitu. Shemeji yako anadhani natafuta maegesho. Nakaa nafikiria ile nyumba yako. Ile sebule. Kochi ambalo hamna mtu. Nawaza, Rehema saa hizi anakunywa chai na hakuna anayemwita. Halafu nakuonea wivu mpaka nasikia vibaya, napanda ngazi, mlangoni tu, 'Mama! Yasini kanipiga!'"

Nilifurahi kulisikia hilo, mwanangu. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Furaha ikadumu kidogo tu. Halafu nikaanza kumwonea wivu hata ule uchovu, kwa sababu uchovu wake una majina ya watu, wangu una jina la barabara kuu saa ya foleni. Ndivyo tulivyo mimi na dada. Ukituweka kwenye jedwali, kila mmoja amesimama kwenye safu yake anaitamani ya mwenzake, na hakuna anayetaka kuhama kabisa.

Baada ya kula nikakutafuta tuondoke. Nikafungua mlango wa chumba cha watoto. Mlikuwa mmelala mchana, mmeshiba pilau, nguo za Idi zimejikunja, watano kwenye magodoro mawili, na wewe katikati. Miguu yako ulikuwa umeichomeka tumboni kwa Mwanaidi, mdogo wake Yasini, na yeye ameikumbatia kama mto. Nilisimama hapo. Hukuamka, nami sikukuamsha. Tulirudi Richardson siku ya pili yake, na katikati ya safari, pale tunapopenda kununua mahindi ya kuchoma, nikakuambia, "Haya." Ukauliza haya nini. Nikasema haya nenda.

Usinifanye mwema kwa hilo. Sikukubali kwa sababu moyo wangu ulikuwa mpana. Nilikubali kwa sababu niliogopa kwamba nikikushika utaanza kunitazama kama watu wanavyomtazama mlinzi wa geti, na hilo nisingeliweza.

Sasa magharibi inakaribia na nina machache.

Utawachoka. Sikuambii ili urudi, ingawa ukirudi nitafungua mlango kabla hujagonga. Itafika siku utataka kusoma na Yasini ana wenzake sebuleni, na choo kina mtu, na Baba Mkubwa anapenda ule mpira wake kwa sauti ya mwisho, na utatamani mlango mpaka utalia. Usidhani umewasaliti siku hiyo. Usijiambie umekuwa mzungu. Nenda ukakae kwenye gari na Mama Mkubwa, atakupisha kiti. Kosa langu halikuwa kupenda mlango. Nilidhani mtu akipenda mlango ni lazima aachane na watu, kama vile mtu hupewa kimoja tu, na nilipokuwa na nguvu za kuchagua nikachagua haraka, nikakuchagulia na wewe.

Usinitete ukiwa huko. Dada akinisimanga kuhusu nywele, cheka. Mama Furaha akikuuliza kama bado nakaa kwenye lile kanisa, mwambie ndiyo. Lakini usilinganishe mapishi yetu mbele yangu. Hilo sitalivumilia, makande yake ni mazuri na najua.

Nitakuja, ila si kila wiki. Nikija kila wiki nitakuwa karani wa sensa, nitahesabu magodoro. Nijaribu kukaa huku kwanza, nione kimya hiki kilikuwa changu au kilikuwa cha sisi wawili. Siku zote nimekipenda nikisikia wewe unageuza ukurasa upande wa pili wa ukuta. Sijawahi kukijaribu bila wewe.

Mwite mama. Najua unamwita hivyo nisipokuwepo. Nimekusikia kwenye simu ukisema, kisha ukashtuka ukaongeza "mkubwa." Usishtuke tena. Alikulisha, jina hilo ni haki yake, na mimi nitameza.

Kuna kitu kimoja tu nilitaka kukuomba kibaki changu. Nimekifikiria siku nyingi, nikaona hiki sitampa. Nilitaka kukuambia: ukiumwa, ukishikwa na homa usiku, mimi ndiye wa kwanza kuitwa. Mengine yote mpe yeye, nywele, hadithi, siku ya kwanza ya shule, hata kicheko. Homa iwe yangu. Niliandika hivyo kabisa kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, nikaona ni sawa.

Halafu nikapiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Kutoka hapa hadi kitandani kwako ni saa nne kama barabara ni nzuri. Utakuwa umelala katikati ya watu, na yeye yuko ukuta wa pili, na mikono yake inajua.

Kwa hiyo mwamshe yeye. Usisubiri kuona kama nitaudhika. Mwamshe yeye kwanza, akuwekee kitambaa cha maji, akuinue kichwa unywe. Ukishatulia, nipigie. Huna haja ya kusema kitu. Weka tu simu karibu na mdomo wako, niisikie pumzi, mpaka kuche.

Mama yako,
Rehema